Kidonge cha Usingizi Kinafika Hadi Asubuhi: Mwongozo Kamili wa Kukitumia Salama

Nimekaa nyuma ya dirisha la famasi hapa Mbeya kwa miaka mingi, na anayekuja na cheti cha dawa ya usingizi karibu kila mara huniuliza jambo moja: "Nimeze saa ngapi?" Namjibu, kisha nami namuuliza langu: "Kesho alfajiri utakuwa wapi, ukifanya nini?" Wengine hunishangaa. Lakini huku nyanda za juu kusini siku huanza mapema. Dereva wa lori la Tunduma anawasha gari saa kumi usiku, mchuma chai wa Mufindi au Rungwe yuko shambani umande ukiwa bado mbichi, na mama wa mbogamboga wa Mwanjelwa ameshapanga matenga kabla jua halijatoka. Kidonge kilichomezwa saa sita usiku kinawakuta wote hawa kikiwa bado kimo mwilini.

Hili nililielewa kwa mama yangu kabla sijalielewa vitabuni. Alipofiwa na baba, kule Makambako, usingizi ulimkimbia. Akapewa vidonge kwenye kifuko kisicho na jina la dawa, juu kimeandikwa "1x1 usiku" tu, naye akaendelea kuvinunua kwa karibu mwaka mzima. Alfajiri moja akielekea choo cha uani miguu ikamgomea, akaanguka, mkono ukavunjika. Kila mtu alisema ni uzee na baridi. Mimi nilipokiona kile kifuko nilijua kilichomwangusha. Mwongozo huu ni maneno ambayo mtu angemwambia mama yangu siku ile ya kwanza.

Hatua ya kwanza: jua jina la unachopewa

Kwetu "dawa ya usingizi" ni jina la vitu viwili. Kuna nusu kaputi ya chumba cha upasuaji, na kuna vidonge vya kumezea nyumbani. Nazungumzia vidonge, navyo havifanani hata kidogo.

Diazepam, ambayo wengi bado wanaiita Valium, hukaa mwilini muda mrefu. Inachukua siku moja hadi mbili kwa nusu yake kutoka, na ini linapoivunja linazalisha kemikali nyingine yenye nguvu ya aina ile ile inayokaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo ukimeza kila usiku, kidonge cha leo kinakikuta cha jana na cha juzi. Usiku wa kumi hauko sawa na usiku wa kwanza, ingawa umemeza kidonge kile kile kimoja. Hapo ndipo mama yangu aliponaswa.

Zolpidem huondoka haraka zaidi, nusu yake hutoka kwa takriban saa mbili na nusu, lakini usidanganyike ukadhani asubuhi imekwisha kwa kila mtu. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilishusha dozi ya kuanzia kwa wanawake kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa sababu miili yao huitoa polepole na walikuwa wakiamka nayo nyingi damuni. Dada yangu, ukiandikiwa miligramu 10 usiku wako wa kwanza, uliza kwa adabu kama 5 haitatosha.

Amitriptyline asili yake ni dawa ya sonona. Kwa dozi ndogo hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, na wengine hupewa ili walale. Ikizidi dozi inavuruga mapigo ya moyo, na inaweza kuua. Promethazine na Piriton ni dawa za mzio ambazo usingizi ni athari yake ya pembeni. Zinauzwa kama pipi, ila kwa mzee zinaleta kuchanganyikiwa, mdomo kukauka na mkojo kuziba.

Diazepam na zolpidem zote zimo kwenye orodha za Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unaodhibiti dawa zinazogusa akili. Ndiyo maana zinahitaji cheti. Duka linalokuuzia bila cheti halijakufanyia hisani.

Hatua ya pili: kwa daktari, sema yote

Kukosa usingizi mara nyingi ni moshi, moto uko kwingine. Kabla hujapewa kidonge, msaidie daktari kuutafuta. Je, unakunywa chai ya rangi nzito saa kumi na moja jioni na kikombe kingine baada ya chakula? Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu. Je, unameza dawa ya kupunguza maji mwilini usiku, kisha unaamka mara nne kukojoa? Je, upo kwenye prednisolone, dawa ya kutuliza uvimbe na mzio, ambayo nayo hufukuza usingizi? Una kiungulia, maumivu ya jino, joto la kukoma hedhi, deni linalokuzungusha kichwani? Kila kimoja kina dawa yake, na hakuna kati ya hivyo kinachotibiwa na diazepam.

Hapa nataka nikae kidogo kwenye jambo ambalo watu hulificha. Njombe, Iringa na Mbeya ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa zaidi cha VVU nchini. Wengi tunaowahudumia wanatumia dawa za kufubaza virusi, na wengi hawalisemi hilo wanapokwenda kutibiwa usingizi kwenye kituo kingine. Lisemeni, ndugu zangu. Dolutegravir, iliyomo kwenye kidonge kimoja kinachotumiwa na wengi siku hizi, inaweza yenyewe kukufukuza usingizi, na mara nyingi kuihamishia asubuhi kunatosha kumaliza tatizo. Mabadiliko hayo yafanyike na watu wa CTC, kliniki yako ya VVU, usijiamulie. Walio kwenye mstari wa pili, yaani dawa za VVU zinazotolewa zile za kwanza zisipofanya kazi, zenye ritonavir ndani yake, wana hatari nyingine: ritonavir huzuia ini kuvunja baadhi ya dawa za usingizi, kwa hiyo dozi ndogo inageuka kubwa ikiwa tayari tumboni.

Kwa aliye kwenye dawa za kifua kikuu mambo ni kinyume. Rifampicin hulisukuma ini livunje dawa nyingine upesi. Mgonjwa anaona kidonge cha usingizi hakimshiki, anaomba kiongezwe. Anamaliza dozi ya TB, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida ndani ya wiki chache, na dozi ile aliyoongezewa sasa inamlemea. Ukimaliza TB na bado unatumia dawa ya usingizi, rudi kwa aliyekuandikia kabla hazijapita hizo wiki.

Mwulize pia anayelala nawe kama unakoroma kwa nguvu, unanyamaza kama umekata pumzi, kisha unashtuka ukitweta. Mtu wa namna hiyo akimeza dawa ya usingizi, ule mshtuko unaomrudishia pumzi unadhoofika. Tahadhari hiyo hiyo ni ya mwenye pumu na ya mama aliyepika kwa kuni jikoni kusikopitisha hewa miaka thelathini hadi mapafu yakachoka. Mjamzito na anayenyonyesha waseme hivyo hata kama hawajaulizwa. Diazepam hupita kwa mtoto, naye anaweza kulegea na kushindwa kunyonya vizuri.

Na kama usiku yanakujia mawazo ya kutotaka kuishi, hilo ndilo la kusema kwanza kabisa. Daktari hatakudharau. Atachagua dawa nyingine, atatoa vidonge vichache kwa wakati mmoja, na vitashikwa na mtu wa nyumbani anayekupa kimoja kila usiku. Hospitali za rufaa, kama ile ya Kanda hapa Mbeya, zina wataalamu wa afya ya akili.

Uliza vilevile kuhusu tiba isiyo ya vidonge. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilishauri kwamba kwa mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, tiba ya kubadili mazoea na fikra za usingizi iwe ya kwanza, kidonge kifuate. Huku kupata mtaalamu wa tiba hiyo si rahisi, lakini kiini chake unaweza kuanza nacho leo. Amka saa ile ile kila siku, hata kama umelala vibaya. Usilale mchana. Kitanda kisiwe mahali pa kuhesabia madeni wala kuangalia simu. Usingizi usipokuja kwa kama dakika ishirini, inuka, jifunike blanketi, kaa pembeni kimya, urudi kitandani macho yakianza kuwa mazito. Kwa baridi ya Njombe najua hilo la kuinuka ni gumu. Ni gumu, lakini linafanya kazi.

Hatua ya tatu: dirishani

Usiondoke na kifuko kama cha mama yangu. Kiandikwe jina la dawa, nguvu yake kwa miligramu, idadi ya vidonge kwa usiku, na siku ambayo dozi inaisha. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Madaktari wa Uingereza wameelekezwa tangu mwaka 1988 kwamba jamii ya diazepam itolewe kwa wiki mbili hadi nne tu, na sijaona sababu ya mtu wa Igawilo au Ilula kupewa kinyume cha hapo bila maelezo. Kisha mrudie mfamasia maneno yake kwa kinywa chako. Ukikosea, ni heri ukosee mbele yake.

Hatua ya nne: andaa chumba kabla hujameza

Jiko la mkaa ndilo linalonitisha kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Mwezi wa sita na wa saba, kuanzia Makete, Njombe, Mafinga hadi Uyole, watu huingiza jiko chumbani, wakafunga dirisha na kuziba chini ya mlango kwa kanga. Mkaa unapoungua kwenye hewa chache hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoingia damuni na kuchukua nafasi ya oksijeni. Hata mtu wa kawaida aliyelala mara nyingi hashtuki. Aliyemeza dawa ya usingizi ndiyo kabisa. Kichwa kitamuuma asijue, kichefuchefu kitamshika asiamke.

Kwa hiyo jiko litoke nje kabla ya kumeza, wala usidanganywe na makaa yaliyofunikwa majivu, bado yanatoa hewa ile. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitenge miguuni, soksi nzito na blanketi mbili vitakuvusha usiku. Ukiwa na mtoto mdogo au mzee ndani, hili liwe sheria ya nyumba hata siku usiyomeza dawa.

Kisha toa vitu vinavyoweza kukukwaza njiani kuelekea chooni. Choo kikiwa nje, weka ndoo au kopo chumbani na tochi karibu na mkono. Mzee akae kwanza ukingoni mwa kitanda, ahesabu hadi thelathini, ndipo asimame. Funguo za pikipiki au gari mpe mwenzako. Mwaka 2019 mamlaka ya Marekani iliweka onyo kali juu ya zolpidem na ndugu zake kwa sababu watu walitembea, walipika na hata kuendesha gari wakiwa usingizini, asubuhi hawakumbuki lolote, na wengine walikufa. Likitokea nyumbani kwako hata mara moja, usimpeleke mtu kwa mganga ukidhani karogwa. Dawa isimezwe tena, na daktari aambiwe siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: meza, lala

Hesabu kutoka saa ya kuamka kurudi nyuma. Zolpidem inataka saa saba hadi nane za kitandani. Kama basi la Dar linakutaka uamke saa kumi usiku, muda wako wa kumeza ulikuwa saa mbili au saa tatu. Umepita? Usimeze. Usiku mmoja wa kukesha utakuchosha, ila hautakutupa korongoni.

Kidonge kimezwe ukiwa umeshafunga mlango na umeshapiga mswaki, kitanda kikiwa mbele yako. Usimeze kisha ukaendelea kuosha vyombo. Na usimeze juu ya ugali na maharage yaliyokaa vizuri tumboni, kwani chakula huchelewesha zolpidem kuingia damuni. Hapa ndipo mtu huponzwa: dakika arobaini zimepita, halali, anasema kidonge hiki dhaifu, anaongeza cha pili. Vyote viwili vinamfikia pamoja saa saba usiku. Kilichomezwa kimemezwa. Hakuna cha pili usiku huo, kwa sababu yoyote ile.

Kuhusu pombe sitazunguka. Bia, ulanzi, komoni, kimpumu, konyagi: hakuna hata kimoja siku ya kidonge. Pombe na dawa ya usingizi zote huipunguzia kasi sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi, na zikikutana huongezeana nguvu. Ulanzi una mtego wake, kwa sababu unaendelea kuchacha ndani ya chombo. Ule mtogwa, yaani ulanzi mbichi, mtamu wa asubuhi, unakuwa kitu kingine ikifika jioni, na mnywaji hajui amekunywa kiasi gani. Ukienda msibani au harusini ukanywa, kidonge kikae kabatini hadi kesho usiku.

Tramadol nayo ni hatari hiyo hiyo, pamoja na dawa za kikohozi zenye codeine. Vijana wa bodaboda wanaoumia barabarani hupewa tramadol kwa maumivu, halafu jirani mwenye huruma anawapa diazepam yake walale. Mwaka 2016 Marekani iliamuru onyo la juu kabisa liandikwe kwenye dawa hizi kwa sababu ya mchanganyiko huo. Dawa yako ya usingizi usimpe mtu, hata pacha wako.

Hatua ya sita: asubuhi

Siku mbili tatu za kwanza usiendeshe chochote. Jipe muda ujue kidonge kinakufanyaje. Kichwa kizito, kuyumba, kusoma ujumbe wa simu mara mbili ndipo uelewe, hizo ni dalili kwamba kazi yake haijaisha, hata kama wewe unajiona mzima. Kujiona mzima si kipimo. Dawa hizi hulevya kwanza ile akili ambayo ingekwambia umelewa. Mteremko wa Kitonga hauna subira na mtu wa namna hiyo, wala msumeno wa kupasulia mbao Mafinga. Mwambie tajiri wako au msimamizi kwamba upo kwenye dozi, akupe kazi ya chini kwa siku hizo. Anayetumia diazepam kila usiku ajihesabu kuwa nayo mchana kutwa.

Hatua ya saba: wiki zikipita, na namna ya kuacha

Mwili huzoea. Kidonge kilichokuwa kinakulaza ndani ya nusu saa sasa kinachukua saa mbili, na mkono unataka kuongeza. Hapo rudi kwa daktari, usiongeze.

Na ukiwa umetumia kila usiku kwa wiki kadhaa, usikate ghafla. Jamii ya diazepam ikikatwa ghafla huleta kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, na kwa wengine degedege linaloweza kuua. Zolpidem ya muda mrefu nayo hukatwa kwa uangalifu huo huo. Hata kwa mpango mzuri, usiku wa kwanza baada ya kupunguza huwa mbaya kuliko ule wa kabla ya tiba, na watu wengi husema, "Unaona, siwezi bila dawa." Huo ni mwili unaodai ulichoupokonya, na hupita.

Mama yangu alichukua miezi minne. Daktari alipunguza kidogo, akaacha wiki mbili au tatu mwili utulie, akapunguza tena. Palipohitajika tulikata kidonge kwenye mstari wake wa katikati, nami nikaziweka alama kwenye kalenda ya ukutani. Mara mbili tulisimama hapo hapo tulipofika bila kupunguza, kwa sababu alikuwa anateseka. Hakuna aibu kwenye kusimama. Vidonge vile vinavyotoa dawa polepole havikatwi wala kusagwa. Uliza kabla hujashika wembe.

Mambo yakiharibika

Mtu amemeza nyingi, au amemeza na pombe, na haamki ukimtikisa. Kama kuna jiko ndani, fungua milango na umtoe nje kwanza. Mlaze kwa ubavu, kichwa kirudishwe nyuma kidogo na mdomo uelekee chini ili matapishi yasimrudie kooni. Usimpe maziwa, usimpe kahawa, usimtapishe. Usimpakie mshikaki kwenye bodaboda akiwa kati ya watu wawili, kichwa kitaanguka mbele na njia ya hewa itazibika. Tafuta bajaji au gari ambamo atalala kwa ubavu, na mmoja wenu aangalie kifua kinavyopanda na kushuka njia nzima. Chukueni makasha na vifuko vyote mlivyovikuta, hata vitupu. Ipo dawa ya hospitalini inayopinga jamii ya diazepam, lakini daktari hawezi kuamua kuitumia bila kujua ni kitu gani kingine kimo tumboni. Na kama mlihisi amekusudia, msimfokee. Mkalieni karibu hata akizinduka.

Vilivyobaki

Vidonge vikae kwenye kasha lake, ndani ya sanduku au kabati lenye kufuli. Mtoto wa miaka miwili havioni kama dawa. Usivitupe chooni wala jalalani ambako watoto huchokoa. Rudisha famasi, waambie ni mabaki. Mama alipomaliza alibakiwa na kumi na viwili. Tulipanda daladala pamoja, akaviweka mwenyewe juu ya kaunta, akaomba vihesabiwe mbele yake.